UZI: Nilikuwa nakula vizuri kuliko mtu yeyote ninayemjua, na nilikuwa naumwa

KijikoKimoja (mwanzisha uzi):

Wakuu, salaam. Huu uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu.

Naanzia msibani. Shangazi aliyenilea tangu nina miaka sita alifariki. Watu wamekaa, wanalia, wanakumbushana maneno yake na vituko vyake. Mimi niko katikati yao macho makavu, maana akili yote iko jikoni. Wamepikia mafuta gani? Wametia sukari kwenye mchuzi? Nikikataa sahani nitasingizia nini? Mkobani nilikuwa na kopo la mboga za kuchemsha zisizo na chumvi. Nikatafuta chumba kisicho na mtu, nikala nimesimama, mgongo nimeuegemeza mlangoni asiingie mtu. Nilipotoka nilikuwa nimetulia kabisa. Na aibu yangu iko hapa: nikawatazama waombolezaji wenzangu wakila, nikawaonea huruma. Siku ya kumzika mama yangu wa pili, mimi nilipata wasaa wa kujiona bora.

Huo ulikuwa mwaka wa nne wa "kula vizuri". Hedhi ilishakatika miezi saba. Nywele zinabaki kwenye chanuo. Baridi naisikia hata juani. Na kila aliyeniona alinisifia nidhamu.

Hali hii ina jina, othoreksia. Aliyelitunga ni daktari Mmarekani, Steven Bratman, kwenye makala yake ya mwaka 1997 katika jarida la Yoga Journal. Aliunganisha maneno mawili ya Kigiriki, orthos, yaani sahihi, na orexis, yaani hamu ya kula. Alikuwa anaongea kitu kilichomkuta. Miaka ya 1970 alikuwa mpishi na mkulima kwenye jumuiya moja ya shambani katika jimbo la New York, watu wanaishi pamoja lakini kila kundi na itikadi yake ya chakula. Hawa hawagusi nyama, wale hawagusi kilichopikwa, na mpishi anatakiwa awaridhishe wote. Mwenyewe akafika mahali pa kutokula mboga iliyozidi robo saa tangu ing'olewe, na kila tonge analitafuna mara hamsini. Mwanzoni neno hilo lilikuwa utani wa kuwachokoza wagonjwa wake, maana walikuwa wanamjia wakitaka awaongezee vyakula vya kuacha. Baadaye akaona utani umegonga penyewe.

Sasa nije kwenye nilichokuja kusema. Wengi hudhani mtu anafika huku kwa kutojua lishe, au kwa kutaka wembamba. Mimi lishe nilikuwa naijua kupita kiasi, na mizani ya mwili sikuwa nayo nyumbani (ya chakula nilikuwa nazo mbili). Kilichoniendesha ni NAFUU. Ile nafuu ya dakika chache unayoipata baada ya kukataa kitu.

Ilianza hivi. Tumbo lilikuwa linajaa gesi, nikaacha maziwa, baada ya wiki mbili likatulia. Huenda lingetulia lenyewe, lakini kichwa kikaandika: maziwa ndiye adui. Mwezi uliofuata gesi ikarudi. Mtu mwenye akili timamu angesema, kumbe si maziwa. Mimi nikasema, kumbe kuna adui mwingine. Ikaondoka ngano. Zikaondoka nyanya, mayai, maharage, kila kilichokaa kwenye pakiti. Hakuna kilichoondoka kikarudi.

Ukikiepuka unachokiogopa, hofu inashuka palepale, na ubongo unaandika kwamba umenusurika KWA SABABU umeepuka. Hivyo ile imani haipati hata siku moja ya kupimwa. Ni kama mlinzi anayepuliza filimbi usiku kucha, kisha asubuhi anadai ujira wa wezi ambao hawakuja. Na kadiri unavyomlipa ndivyo anavyopuliza.

---

NyukiMkavu:

Kwa hiyo mkuu, siku hizi kula mboga ni ugonjwa? Watu wanaisha kwa kisukari na presha huko nje, wewe unatuletea uzi wa kuwatisha wachache waliojitambua. Kila kitu sasa kina jina la Kigiriki. Kesho tutaambiwa kupiga mswaki nako ni tatizo la akili.

---

KijikoKimoja:

Mkuu NyukiMkavu, swali lako ni halali, na watafiti wenyewe walishajikwaa hapo.

Kuna dodoso la maswali 15 lililotengenezwa Italia, linaitwa ORTO-15. Limetumika nchi nyingi, na kuna sehemu limewakamata zaidi ya nusu ya waliopimwa. Mwaka 2017 wakatoka watafiti Marekani, wakawapima wanafunzi wa chuo kwa dodoso hilohilo. Asilimia 71 wakaonekana wana othoreksia! Halafu wakauliza jambo la ziada: je, ulaji wako umekuharibia afya au maisha? Wakabaki chini ya asilimia 1.

Ndiyo maana sina ugomvi na mboga zako. Kuna watu hawali nyama maisha yao yote na wako salama salimini, na wapo wanaofunga, na wapo wanaoepuka karanga kwa sababu karanga zitawaua kweli. Jipime kwa siku ambayo kanuni imevunjika. Umealikwa, umechelewa, umekosa chakula chako. Ukila kingine na maisha yakaendelea, wewe unapenda afya. Ukikosa usingizi, ukajiona umechafuka, kesho yake ukajiadhibu kwa kufunga, hiyo ni habari nyingine.

Na ya mswaki umeiweka vizuri kuliko ulivyodhani. Anayepiga mswaki mara mbili kwa siku ni msafi. Anayepiga mara thelathini mpaka fizi zinatoka damu na bado hajaridhika, utaniambia tatizo lake ni meno?

---

Muuguzi_wa_Zamu:

Niongezee kidogo, nimewaona wodini.

Othoreksia haimo kwenye DSM-5, mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani uliotoka 2013, wala kwenye ICD-11, orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika 2022. Usitegemee daktari akuandikie neno hilo kwenye cheti. Atakuandikia kitu cha jirani. Mwaka 2016 Bratman na mwenzake Thomas Dunn walipendekeza vigezo, na bado mjadala unaendelea: ni tawi la anoreksia (ugonjwa wa kujinyima chakula), ni ndugu wa ule ugonjwa wa fikra zinazojirudia na vitendo vya kujilazimisha, au ni kitu kinachojitegemea?

Tofauti ninayoiona mimi ni hii. Mwenye anoreksia mara nyingi anaogopa wingi, yaani kunenepa. Mwenye othoreksia anaogopa aina, yaani kuchafuka, kupata saratani, kujaza "sumu". Na yule anayenawa mikono mara mia kwa kawaida anajua fikra zake zimezidi, zinamkera, anatamani zimtoke. Huyu wa chakula ANAZIPENDA fikra zake. Ndiyo nafsi yake, ndiyo heshima yake. Ukimgusa hapo umemtukana. Ndiyo maana haji hospitali kwa sababu hiyo. Anakuja na kizunguzungu, mfupa uliovunjika kwa kujikwaa tu, hedhi iliyokatika, sodiamu iliyoshuka, upungufu wa damu, au ganzi ya miguu kwa kukosa vitamini B12.

Na ndugu wa mgonjwa nisikilizeni: mtu aliyekondeana hivyo msimjazie sahani ghafla kwa furaha. Madini ya fosfeti, potasiamu na magnesiamu kwenye damu yanaweza kuporomoka na moyo ukasimama. Anarudishwa kwenye chakula taratibu, kwa vipimo, penye wahudumu.

---

MbioNdefu:

Dah. Mimi ni mkimbiaji, na nimesoma maneno ya dada Muuguzi nikajisikia vibaya.

Kwangu mlango ulikuwa simu. Nilipakua programu ya kuhesabu chakula ili nipunguze muda wangu. Basi, ndani ya miezi nikawa siwezi kuweka kitu mdomoni kabla sijakiandika. Halafu video. Kila ukifungua kuna mtu mwenye mwili wa kuchonga anakwambia chakula fulani "kinakuua taratibu". Mmoja anasema mbegu zina mafuta mabaya, mwingine mboga zenyewe zina sumu, mwingine matunda ni sukari tu. Ukiwasikiliza wote unabaki na maji, na hayo nayo kuna wa kuyalaumu.

Swali langu kwa mkuu KijikoKimoja. Kwa nini hata kidogo tu kilikuwa kinanisumbua? Nakumbuka kocha alinipa keki, nikala kipande kama kidole gumba. Nilijua kwa hesabu kwamba si kitu. Lakini siku nzima nikajiona nimeharibika.

---

KijikoKimoja:

Kaka, hilo swali lako ndilo lililonifanya nianze kusoma saikolojia badala ya lishe.

Kuna mwanasaikolojia anaitwa Paul Rozin, wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, aliyechunguza karaha kwa miaka mingi. Jaribio moja la 1986 yeye na wenzake walichovya mende aliyekufa kwenye glasi ya juisi. Mende alishatakaswa kwa kitaalamu, hana kijidudu hata kimoja, na watu waliambiwa hivyo. Wakaikataa juisi. Akili inajua ni salama, mwili unasema imeguswa. Kwa karaha hakuna "kidogo". Tone moja linachafua pipa.

Mwaka 1996 Rozin na wenzake wakaonyesha kwamba watu wa kawaida tu, wasio na ugonjwa wowote, wanaifikiria lishe namna hiyohiyo. Kitu kikiwa kibaya kwa wingi, wengi huona chembe yake nayo ni mbaya. Wapo waliosema mlo usio na chumvi kabisa ni bora kuliko wenye chembe ya chumvi, wakati bila sodiamu, iliyomo kwenye chumvi, mtu anakufa. Kwa hiyo kaka, kile kipande cha kidole gumba ulikipima kama mende, ndiyo maana hesabu za programu yako hazikukusaidia.

Sikilizeni hata maneno tunayotumia. Chakula SAFI. Kusafisha mwili. Nimekula uchafu. Nimeanguka, kesho naanza upya. Huo ni msamiati wa udhu na toba, umehamia jikoni bila sisi kuona. Na jamii inatupigia makofi. Mwaka 1995 Stein na Nemeroff waliwapa wanafunzi maelezo ya mtu mmoja, umbo lilelile, mazoezi yaleyale, wakabadilisha chakula tu. Aliyekula vyakula "vizuri" akahukumiwa kuwa mwadilifu zaidi. Kosa lake yule mwingine ni chipsi! Niliposoma hapo nikakumbuka msiba wa shangazi. Ule utulivu wangu mlangoni ulikuwa wa mtu aliyesali.

Kuhusu video, ule utafiti wa 2017 unaotajwa sana, uliowahusu wafuatiliaji wa akaunti za ulaji bora, uliona anayetumia zaidi Instagram ana dalili zaidi. Lakini walipimia ORTO-15 ileile niliyoisema juu, na hatujui kama simu ndiyo inayomvuta mtu au mwenye hofu ndiye anayeikimbilia simu. Kwangu ilikuwa vyote viwili. Hofu ikinibana saa nane usiku naingia mtandaoni kutafuta nafuu, natoka na chakula kingine cha kuogopa.

---

NyukiMkavu:

Nimesoma. Ile ya asilimia 71 imenikata maini, nakiri. Ila bado naona mnawaonea watu wenye matumbo yao. Mimi ngano ikinigusa navimba. Hiyo ni saikolojia?

---

KijikoKimoja:

Hapana mkuu, na nisamehe kama nimeandika kana kwamba maumivu ni ya kubuni. Ukiwa hujapima ugonjwa wa siliaki (utumbo unadhurika kwa gluteni, protini iliyomo kwenye ngano), kapime kwanza kabla hujaacha ngano, maana ukishaiacha muda mrefu kipimo kinaweza kukudanganya.

Lakini tazama hili. Norway walichukua watu 59 wasio na siliaki waliokuwa wamejiondolea gluteni wenyewe. Wakawapa vipande vya chakula vinavyofanana, kimoja kina gluteni, kingine kina fruktani (aina ya wanga iliyomo pia kwenye ngano na vitunguu), kingine hakina hiki wala kile. Siku saba kila kimoja, mlaji hajui anakula kipi. Matokeo yalitoka 2018: kwa wastani gluteni haikuwazidishia dalili kuliko kile kisicho na kitu. Fruktani ilizidisha kuliko gluteni. Maumivu yalikuwa ya kweli, aliyeshtakiwa siye. Na wapo walioumwa hata kwa kile kitupu, kwa sababu tumbo linalosubiri kuumia lina kawaida ya kutii. Mimi langu lilikuwa linaanza kuunguruma nikisoma lebo tu.

---

MamaWawili:

Nimewasoma kimya tangu juzi. Nina mdogo wangu wa kiume, miaka 19. Alikuwa anapenda kucheka, sasa anakula peke yake chumbani, ana sufuria yake na kisu chake. Anapika kwa muda wa saa tatu, anakula kwa dakika kumi. Usiku nikipita namkuta anaangalia video za watu wanaooka mikate na keki, vitu ambavyo hali. Nikimwambia "lakini hii haina madhara" ananitolea tafiti, na ananishinda, mimi sijasoma hayo. Nifanyeje? Nimeshalia mpaka basi.

---

Muuguzi_wa_Zamu:

Dada MamaWawili, pole. Hizo video za keki usizipuuze, ni dalili ya njaa.

Mwishoni mwa vita vya pili vya dunia, Chuo Kikuu cha Minnesota kilichukua vijana 36 wenye afya na akili timamu, waliojitolea, wakalishwa nusu-njaa kwa wiki 24 chini ya mtafiti Ancel Keys. Hawakuwa na hofu yoyote ya chakula walipoanza. Wakaishia kusoma vitabu vya mapishi, kukusanya mapishi, kulamba sahani, kula taratibu kwa saa nzima, kukasirika ovyo, kujitenga. Njaa peke yake ilifanya hayo. Kwa hiyo sehemu ya huyo unayemwona siye mdogo wako, ni mwili wenye njaa. Na ubongo wenye njaa ni mgumu kulegeza kanuni hata ungemwekea mshauri bora. Kwanza apimwe: uzito, mapigo ya moyo, damu. Akizimia, akiwa na mapigo ya taratibu sana au miguu kuvimba, usingoje miadi.

Na acha kabisa kubishana naye kuhusu virutubisho. Hutashinda, na ukishinda hofu itahamia kwenye chakula kingine.

---

KijikoKimoja:

Dada, shangazi yangu alinibishia miaka mitatu. Kila ubishi ulinifanya nisome zaidi ili nimshinde. Aliyenifungua ni rafiki ambaye hakutaja chakula hata mara moja. Alisema, "Nimekukosa. Mara ya mwisho tulicheka lini?" Nilitaka kujibu, nikakuta sina tarehe.

Tiba niliyopata ilikuwa ya kuikabili hofu kidogokidogo bila kukimbilia nafuu. Mtaalamu alinifanya niandike ngazi, chini chakula kinachonitisha kidogo, juu kinachonitisha sana. Kazi ya kwanza: kijiko kimoja cha chakula nisichokipika mimi. (Ndiyo, jina langu humu limetoka hapo.) Kukimeza hakukuwa shida. Shida ilikuwa baadaye, kwa sababu nilikatazwa kutafuta mtandaoni, kunywa maji ya moto ya "kusafisha", kufidia kwa kuruka mlo, hata kumuuliza mtu "nitakuwa salama?" Nikae tu na hofu. Ilipanda nikadhani nitazimia. Dakika ya arobaini ikaanza kushuka yenyewe, sijaifanyia kitu. Kwa miaka minne sikuwahi kujua kwamba inashuka yenyewe, maana sikuwahi kuisubiri.

Haikuisha siku hiyo. Hata mwaka huo haikuisha. Kuna vyakula viwili mpaka leo nikivila napitia hiyo safari, fupi zaidi. Na kitu kilichonishangaza ni huzuni. Kanuni zilipoanza kuondoka, msiba wa shangazi ulikuja wote, ukiwa umechelewa miezi kumi na moja. Nililia jikoni nimeshika mkate.

---

MbioNdefu:

Nimeifuta ile programu leo asubuhi. Nimeirudisha mchana. Nimeifuta tena sasa hivi.

---

MamaWawili:

Wakuu, nimerudi. Sikutaja chakula. Nilimwambia nimemkosa, tukakaa kimya muda mrefu, akasema amechoka. Amekubali kwenda kupimwa Alhamisi. Sharti lake moja, anataka abebe chakula chake mwenyewe. Nimkatalie?

---

Muuguzi_wa_Zamu:

Abebe.